Matangazo ya Neno nyumbani: mtoto wa Naviundu anasikia nini?

Tarehe 24 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura katika nchi nzima kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Ibada zilikuwa zimekwisha kukatazwa siku chache mbele ya hapo, na makanisa hayakupewa ruhusa ya kufungua milango hadi katikati ya mwezi wa Agosti. Kwa miezi karibu mitano familia zetu zilisali mbele ya redio, mbele ya televisheni, au mbele ya simu ya papa iliyoegemezwa kwenye kikombe. Wengi walimshukuru Mungu kwa vyombo hivyo, na walikuwa na haki ya kushukuru.

Kisha milango ilifunguliwa, watu wakarudi kwenye viti vyao. Lakini desturi moja ilibaki nyumbani. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi chaneli ya Kikristo inawashwa asubuhi kama mtu anavyofungua dirisha, na inaendelea kusema peke yake hadi umeme ukatike. Hakuna aliyeketi kuisikiliza. Mama anafua, kaka anarudia masomo yake, wageni wanaingia na kutoka. Mtu mmoja tu ndani ya nyumba anaisikia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa haendi shuleni, haendi sokoni, wala hana pengine pa kwenda. Ni mtoto wa miaka mitatu au minne, na matangazo yale hayakutengenezwa kwa ajili yake.

Naviundu ni mtaa wa komine ya Annexe, ile inayozunguka komine nyingine sita za mji wetu, na jina lake ni lile la mto Naviundu. Hapa asiye na redio anasikia ya jirani. Mama akienda kuuza, watoto wadogo wanabaki na nkambo, au na yaya yao wa miaka kumi aliyerudi kutoka shuleni na njaa. Redio inakuwa mlezi wa tatu. Simlaumu mama huyo. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja ya asubuhi ili watoto wapate bukari ya jioni hana nafasi ya kuchagua vipindi. Tena anajiambia kwamba afadhali wasikie Neno la Mungu kuliko nyimbo za baa. Ni kweli, afadhali. Lakini tuulize wanasikia nini hasa.

Mhubiri anasema Kifaransa, mkalimani anamfuata kwa Kiswahili. Chaneli nyingine inaleta Kilingala cha Kinshasa. Mtoto mdogo hashiki mafundisho hayo, anashika sauti. Anajua huyu amekasirika, huyu analia, hapa wanaimba, hapa wanapiga kelele. Anashika pia maneno mafupi yanayorudiwa. Katika nyumba moja ya majirani zangu nilimkuta mtoto wa kike wa miaka minne ameshika gunzi la muhindi kama maikrofoni. Mdogo wake alikuwa ameketi chini, na yule dada alimsimamia, mkono juu ya kichwa chake, akipaza sauti: «Toka! Toka! Moto!» Watu wazima walicheka sana. Mdogo alikuwa analia.

Watoto wanaiga, ndiyo njia yao ya kujifunza, na anayecheza mhubiri leo pengine atahubiri kweli kesho. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna aliyemwuliza anafukuza nini, wala kwa nini kiko ndani ya mdogo wake.

Mtoto wa umri huo anapokea kila neno jinsi lilivyo. Mhubiri akisema weka mkono juu ya televisheni upokee uponyaji, ataweka, na jino likiendelea kumwuma atafikiri kwamba Mungu amemkataa. Akisikia kwamba Yesu ni mwana-kondoo, ataona mtoto wa mtu mmoja anayeitwa Kondoo. Akiona nambari ya simu ya kutumia pesa ikipita chini ya picha kila siku, na mhubiri akisema panda mbegu ili Mungu afungue mlango, ataelewa kwamba mlango wa Mungu unalipiwa kama mlango wa stadi. Mtu mzima anajua kuchuja. Mtoto hana chujio, isipokuwa mtu aketi karibu naye.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Kati ya vipindi vinavyosikilizwa sana nyumbani mwetu ni vile vya ushuhuda na ukombozi: mtu anaeleza jinsi alivyokuwa mlozi, jinsi alivyopewa uchawi ndani ya mkate au ndani ya pipi akiwa mtoto, jinsi alivyotoka usiku kula watu wa jamaa yake. Ushuhuda huo unaweza kupita saa nane ya mchana, na hakuna anayesema ondoeni watoto. Mtoto aliyekula mkate kwa jirani asubuhi anasikia. Usiku anaota. Asubuhi anasimulia ndoto yake, kwamba aliruka, kwamba alimwona nkambo amelala chini. Katika nyumba yenye amani ndoto hiyo inasahauliwa kabla ya chai. Katika nyumba ambamo papa amepoteza kazi, au mtoto mwingine amekufa, au mama wa kambo amechoka na watoto wasio wake, ndoto hiyohiyo inageuka kuwa ungamo.

Tunajua mwisho wa njia hiyo, kwa maana tunawaona mashege katikati ya mji. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa barabarani wa Kongo na kueleza jinsi tuhuma za uchawi zinavyowatoa watoto majumbani, na jinsi baadhi ya wachungaji wanavyozithibitisha tuhuma hizo. UNICEF ilirudia jambo hilo mwaka 2010 katika uchunguzi juu ya nchi mbalimbali za Afrika. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamtolea mwenye kumtuhumu kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Ni washiriki wangapi wa makanisa yetu waliopata kuisikia sheria hiyo ikisomwa mimbarani? Redio zinazorusha ushuhuda wa walozi zingeweza kuisoma pia, kwa dakika moja tu.

Sisemi kwamba kila kipindi cha ukombozi kinaleta mtoto barabarani. Mambo mengi yanakutana mpaka mtoto afukuzwe: umaskini, kifo, ndoa ya pili. Lakini nyumba inayosikiliza habari za watoto walozi kila mchana imekwisha kupewa maneno ya kumshitaki mtoto siku taabu itakapofika. Na mtoto mwenyewe amekwisha kupewa maneno ya kukubali. Ndiyo sababu suala la redio nyumbani si jambo dogo la walimu wa shule ya siku ya Mungu peke yao.

Basi tuzime? Hapana. Wazee wetu waliimarishwa na redio. Sauti ya Injili ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipoichukua mwaka 1977, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zake. Tofauti iko katika namna ya kusikiliza. Wakati ule redio ilikula mawe, na mawe yaligharimu pesa. Hakuna aliyeiacha iseme peke yake. Ilikuwa na saa yake. Watu waliitwa, watoto wakaketi chini kwenye mkeka, kipindi kikaisha, mzee akazima ili mawe yasiishe. Baada ya kuzima, watu walizungumza. Kwa maoni yangu dakika zile za baada ya kuzima ndizo zilizofundisha.

Kisha mambo yalibadilika. Hadi mwanzo wa miaka ya 1990 kurusha matangazo kulikuwa mali ya serikali. Nafasi ilipofunguka, na sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ikaweka utaratibu wa uhuru wa vyombo vya habari, redio na televisheni za makanisa na za wahubiri binafsi zilizaliwa kila mahali. Leo umeme ukiwapo tunaweza kusikiliza kutwa kucha bila kuwaza bei ya mawe. Neno ni jingi hewani, na watoto wanalisikia kama wanavyosikia mvua juu ya mabati.

Wachunguzi wa malezi wameona mara nyingi kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu anajifunza upesi kutoka kwa mtu aliye mbele yake kuliko kutoka kwa mtu yuleyule akiwa ndani ya picha ya televisheni. Anahitaji uso unaomjibu. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni vizuri zaidi. Mashauri hayo hayatoi ruhusa ya pekee kwa picha zinazohubiri.

Kuna mtumishi mmoja wa Mungu aliyeelewa jambo hili kuliko wengi. Fred Rogers, wa Kanisa la Presbyterian la Marekani, aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1963, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwahudumia watoto na familia kwa njia ya televisheni. Kipindi chake kilionekana nchini mwake tangu 1968 hadi 2001. Hakupiga kelele. Alisema polepole, akiangalia moja kwa moja mbele, akauliza swali na kunyamaza ili mtoto aliye nyumbani apate kujibu. Msichana mmoja kipofu alikuwa na wasiwasi kwamba samaki wa Rogers hawalishwi, kwa sababu hakuweza kuona. Tangu hapo mchungaji huyo alikuwa akisema kwa sauti kwamba sasa anawalisha samaki. Wanaotengeneza vipindi vya redio wangepaswa kulifikiri jambo hilo: msikilizaji wa redio haoni samaki. Na jambo linalowashangaza watu wengi ni kwamba Rogers hakuhubiri katika kipindi chake kama sisi tunavyoelewa kuhubiri.

Sisi hatuna Rogers hapa Naviundu. Tuna nkambo, tuna mama aliyechoka, tuna yaya wa miaka kumi. Wanatosha, wakisaidiwa kidogo.

Fikiri jioni moja, saa kumi na mbili, mbabula imewashwa nje na maji ya bukari hayajachemka. Redio imezimwa mchana wote. Sasa inawashwa kwa ajili ya kipindi kimoja, au simu ya papa inachezesha simulizi ya Biblia iliyonakiliwa kwenye kadi yake. Kabla ya kuanza, mkubwa anasema kwa maneno mawili habari itakayosikiwa: leo tutasikia juu ya kijana Daudi na mtu mkubwa sana. Simu ina faida moja ambayo redio haina, inasimamishwa. Goliati anapiga kelele. Simamisha, uliza: unafikiri Daudi anaogopa? Wewe unaogopa nini? Kisha ngoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu. Sisi watu wazima tunauliza swali na kulijibu wenyewe kabla mtoto hajafumbua kinywa.

Mtoto akijibu vibaya, usimrukie. Akisema Goliati alianguka kwa sababu alikuwa mgonjwa, mwulize ugonjwa gani. Mnacheka, mnasikiliza tena, naye mwenyewe atasikia habari ya jiwe. Watoto hawachoki kurudia. Simulizi moja inaweza kudumu juma zima, na siku ya tano mtoto ndiye anayesimulia huku mkubwa akijifanya amesahau. Kipande cha kaa la jana juu ya sakafu ya simenti kinatosha kuchora Goliati. Kisha mnazima, mnaimba wimbo mmoja, na mtoto anaomba kwa maneno yake. Nusu saa haijapita, na maji yamechemka.

Maneno yake, nimesema. Mtoto wa hapa anasema Kiswahili cha Lubumbashi, na vipindi vizuri vya watoto vinavyopatikana kwenye simu vimetengenezwa mara nyingi kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili bora cha Tanzania na Kenya. Ni lugha yetu, lakini kwa mtoto wa miaka minne umbali upo. Anasikia «wokovu», «zizi», «mavuno», na habari inampita. Hapo nkambo ana kazi ambayo hakuna chombo kinachoweza kuifanya: kugeuza neno kwa lugha ya nyumbani, hata kwa Kibemba au Kiluba kama ndiyo inayosemwa jikoni. Nkambo asiyejua kusoma anaweza kuifanya vizuri kuliko mwalimu mwenye diploma.

Biblia inatupa habari inayolingana kabisa na jambo hili. Kijana Samweli alisikia sauti usiku, akakimbia kwa Eli mara tatu, kwa kuwa hakuijua bado. Sauti ilikuwa ya kweli, na bado mtoto hakuelewa mpaka mzee alipomwonyesha ni nani anayeita na namna ya kujibu. Eli hakuwa mzazi wa kusifiwa, tunajua habari za wanawe. Alikuwa karibu tu, na mtoto alijua mlango wake.

Na mtoto akikuuliza juu ya walozi? Atauliza, maana hata tukizima kwetu atasikia kwa jirani. Usimwambie nyamaza. Mwulize kwanza amesikia nini, na anaogopa nini. Mwambie wazi kwamba ndoto si kosa, kwamba kukojoa kitandani si uchawi, kwamba mkate wa jirani ni mkate. Mwambie kwamba Yesu alipoletewa watoto aliwakumbatia na kuwabariki, na Injili haisemi kwamba aliwachunguza kwanza. Kama nyumbani kwako mtu mzima mwingine ameanza kumnyoshea mtoto kidole, usimpeleke mtoto kwenye maombi ya ukombozi ili «kuhakikisha». Hapo ndipo mengi yanapoharibika. Itaneni wakubwa kwa wakubwa, pamoja na mzee wa kanisa anayeijua ile sheria ya 2009.

Kwenu ndugu wa Goma na Bukavu, najua redio ina sauti nyingine. Tangu miji yenu ilipotekwa na M23 mwezi wa Januari na wa Februari 2025, chombo kilekile kinaleta wimbo wa sifa, kisha habari za mapigano, kisha maombi ya kuwaangamiza adui. Mtoto hatenganishi. Akisikia mhubiri akisema vita, silaha na damu, hawezi kujua kwamba hapa ni mfano na pale ni mtaa wa shangazi yake. Katika nyumba zilizopokea wakimbizi, watoto walioona mambo wanasikiliza pamoja na wasioyaona. Kwa hali hiyo ningepunguza habari kwa watu wazima, kwa saa yake, na sauti chini. Na watoto wapewe zaidi nyimbo wanazozijua tayari. Wimbo anaoujua unamwambia mtoto kwamba kesho inafanana kidogo na jana. Mafundisho mapya yanaweza kungoja.

Makanisa yana sehemu yao, na haihitaji pesa nyingi. Mwalimu wa shule ya siku ya Mungu anaweza kuwapa wazazi, wakati wa matangazo, simulizi ya juma hili na maswali mawili ya kuuliza nyumbani. Anaweza kutuma sauti yake mwenyewe kwa WhatsApp, dakika tatu, kwa Kiswahili cha hapa, ili mega za mama zisiishe. Mtoto atafurahi kwa kuwa anaijua sauti hiyo. Mayaya wa miaka kumi wanaweza kufundishwa Jumamosi moja namna ya kuuliza na kungoja. Tunawaachia watoto wadogo kila siku, lakini hatujawafundisha chochote.

Redio za kanisa nazo ziombwe, kwa heshima lakini kwa barua yenye sahihi, mambo mawili. La kwanza, ushuhuda wa walozi usirushwe mchana, na jina au sura ya mtoto anayetuhumiwa isitolewe kamwe. Nchi ina CSAC, baraza linalosimamia redio na televisheni, na linapokea malalamiko. Lakini ni vizuri zaidi ndugu waelewane kabla ya kufika huko. La pili, robo saa kwa siku kwa ajili ya wadogo, kwa lugha yao, na mtu anayesema polepole. Saa ndiyo itakayoleta mashindano. Wakitupa saa tatu ya asubuhi ya siku ya Mungu, watoto wako kanisani. Wakitupa saa tatu ya usiku, wamelala. Tuombe saa kumi na mbili na robo ya jioni, wakati ambapo mbabula imewashwa na mtu mkubwa yuko karibu nayo.